Mikono ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alirudi kutoka bombani na ndoo tupu. Nilimwona akipita nyuma ya zizi, ndoo ikining'inia mkononi badala ya kukaa kichwani, nikajua limeanza. Mama mtu mzima harudi bombani na ndoo tupu ila awe amefukuzwa.

Binti yangu Mariana alikuwa naye. Akaja mbio akijikuna shingo.

"Baba, bibi hakuitikiwa. Kasema mwangaluka, wote kimya. Mama Adam akaziba bomba kwa mkono. Kasema maji ya pale ni ya watu wanaowashwa. Eti wewe ngozi yako nzima, unakuja kutucheka?"

Mama Adam ni Paskalina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mke wangu alipokuwa hai, yule mama alikuwa akiomba chumvi kwetu kama anachota kwake.

Nikamuuliza Mariana, "Na bibi alisema nini?"

"Aliiangalia tu ndoo."

Watu wa mbali hawawezi kujua maana ya jambo hilo, kwa hiyo nitaeleza. Huku kwetu, vijiji vya upande wa Kharumwa, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakikutenga, wamekutenga. Hakuna wa kukusalimia. Atakayekusalimia anapigwa faini. Mashine ya kusaga hawapokei mahindi yako, moto huombi kwa mtu, na ukifa hakuna wa kushika jembe. Na kwa bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi, kutengwa ni mwanzo tu. Kuna vijana wanaosubiri neno mchawi litamkwe ili waje na mapanga, kisha asubuhi kila mtu aseme hajui. Nimeshaona. Nimeshachimba kaburi la namna hiyo tukiwa watu wawili tu, mimi na mume wa marehemu.

Mkutano wa sungusungu ulikuwa Jumamosi. Zipora, mama mkwe wangu, alikuwa amekwisha kuitwa.

Ubaya wenyewe ulianza baada ya mvua za vuli. Watu walianza kuwashwa. Mwanzoni tukafanya mzaha, tukaambiana mmelala na mbuzi. Halafu ikawa si mzaha. Watoto walikuwa wakijikuna mpaka damu inatoka. Unakuta mtu mzima amesimama shambani katikati ya pamba, jembe chini, anajisugua mgongo kwenye mti kama ng'ombe. Ngozi inakuwa nyekundu, inakauka, inapasuka, na ukitokwa na jasho ndiyo unataka kulia.

Zahanati walitupa dawa ya kupaka ya upele. Tukapaka, tukachemsha nguo, tukaanika magodoro. Haikusaidia. Akaja bwana mmoja na pikipiki kutoka wilayani, akapiga picha mikono ya watoto, akasema majibu yatakuja. Mpaka leo ninavyoandika hayajaja. Mwenyekiti wa kijiji alisimama siku ya ugawaji wa mbegu akasema tatizo ni uchafu, tuoge. Yeye anaoga kwa maji gani? Bomba ni lile lile moja.

Mimi nilikuwa nikisema ni maji. Nilisema sana, tangu mtambo wa kuchenjulia dhahabu ujengwe juu ya mlima. Watu walinichoka. Walisema Mageni ana uchungu wa mkewe. Ni kweli ninao, na sitauficha. Scolastika alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ile ile wakubwa walipokuja kufungua huo mtambo. Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa limebeba viti na masufuria ya wageni. Mke wangu akafa na mtoto tumboni juu ya mkokoteni wa ng'ombe, njiani, wakati sisi tunasikia ngoma zao. Basi mtu akiniambia nipunguze maneno juu ya wakubwa, namtazama tu.

Lakini juu ya maji, hesabu yangu ilikataa. Nyumba ya mwenyekiti hawawashwi, na wanakunywa tunayokunywa. Mama mkwe naye hakuonekana kujikuna hata siku moja. Watu walisema mwenyekiti ana kinga nzito. Mama mkwe walimtafutia jina jingine.

Na walikuwa na sababu. Zipora alikuja kwenye msiba wa mwanawe akabaki kunilelea Mariana. Nikamjengea kibanda chake mwisho wa ua. Kazi yake tangu ujana ni kusiliba nyumba. Hakuna mwanamke tarafa nzima anayesiliba kama yeye. Ukuta wake unakuwa laini kama chungu, na kwenye kona anachora kwa vidole mistari inayopanda kama mawimbi. Kabla ya Krismasi alisiliba yangu, akasiliba ya Paskalina, akaitwa huku na huku. Paskalina ndiye aliyekuja kugundua. Alipita nyumba hadi nyumba akiuliza nani alikusilibia. Kila nyumba iliyopita kwenye mikono ya Zipora ilikuwa inawasha. Nyumba ambayo hakuigusa, watu wake wazima.

Na kibanda chake mwenyewe? Kizima. Mariana, ambaye kwangu alikuwa hapati usingizi, alihamia kulala kwa bibi yake, na baada ya siku chache vidonda vikaanza kukauka. Nilidhani hilo litamsaidia mama mkwe. Paskalina akalichukua akaligeuza.

"Si unaona?" alinipigia kelele kwenye uzio, mwanawe Adam mgongoni akilia. "Wa kwake kampumzisha! Angekuwa hana kitu angejuaje kumponya? Mageni, unamlisha mtu anayetumaliza!"

Nikamjibu, "Mama Adam, huyo ndiye aliyekukanda ulipojifungua."

"Ndiyo maana anaijua njia!"

Nilirudi ndani nikaketi. Nikiegemeza mgongo, unawasha. Nikivuta kigoda katikati ya chumba, unatulia kidogo. Nikaegemea tena. Ukawasha. Nikageuka nikauangalia ule ukuta mzuri, wa kijivu, unaong'aa kidogo. Nikaupitishia kiganja. Vumbi laini kama unga likabaki mkononi, na kwenye ile mipasuko ya vidole likachoma kama limau.

Nikakumbuka kwamba udongo wetu wa kusilibia si wa kijivu. Ni mweupe.

Hapo nilitakiwa nimuulize mama mkwe, na kumuuliza ndiyo ilikuwa shida. Sisi mtu na mama wa mkewe hatutazamani usoni. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, siingii kwake. Mke wangu alikuwa ndiye daraja, na alipoondoka, daraja likawa Mariana. Nikaenda nikaketi nje ya kibanda, mgongo nimempa mlango, mtoto nikamweka katikati.

"Mariana, mwambie bibi yako, ule udongo wa kijivu aliutoa wapi?"

Bibi alisikia vizuri, lakini akasubiri mtoto arudie. Ndiyo adabu yenyewe.

"Mwambie baba yako," sauti ikatoka ndani, "kule shimoni kwenye udongo mweupe wameweka seng'enge. Kuna mlinzi na mbwa. Kwani yeye haishi hapa?"

Nilikuwa najua lile shimo limezungushiwa. Mwenyekiti aliwapa wenye mtambo, akasema ni eneo la upanuzi. Wanaume hatukulifikiria. Udongo wa kusiliba ni mambo ya wanawake, nani angeuliza?

"Mwambie bibi, kwa hiyo aliuchota wapi?"

"Chini ya mtambo, nje ya seng'enge. Wanamwaga tope pale likijaa kule juu. Mwambie ni tope zuri, halina kokoto, halipasuki. Hata kuchekecha huhitaji."

Nikafumba macho. Marudio. Ni mchanga uliokwisha kusagwa, ukalowekwa kwenye matangi ya dawa ili utoe dhahabu, na ukiisha kutolewa dhahabu unamwagwa na dawa yake. Kila mchimbaji anayajua marudio. Lakini nani alishawahi kumwambia bibi kizee anayetafuta udongo? Kibao gani kiliwekwa pale? Ng'ombe angeingia pale wangempigia mwenye ng'ombe kelele, lakini mama mkwe alichota tope miezi mizima, mlinzi anamtazama.

"Mwambie, na nyumba yake mbona hakuisiliba?"

Kisha akasema, naye hakusubiri mtoto arudie:

"Nitaisiliba nikimaliza kumlilia mwanangu."

Mariana aliniangalia, akamwangalia bibi yake, akaropoka: "Baba, bibi mikono imembabuka. Anaifunga kitenge. Inatoa maji."

"Wewe mtoto, nyamaza!"

"Mwambie bibi atoe mikono niione," nikasema.

"Mkwe aone mikono yangu? Kwani anataka kunioa?" Alicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa kavu. Halafu akasema taratibu, "Wakiiona watasema nimeunguzwa na dawa zangu mwenyewe. Mwambie baba yako asiitaje."

Ijumaa nilimwendea Donatus, kamanda wa sungusungu. Ni mtu mkavu, hacheki, lakini hali rushwa. Alinisikiliza akinoa mshale.

"Una ushahidi?"

"Ukuta wangu."

"Ukuta kausiliba yeye. Watasema uchawi uko kwenye mkono, si kwenye udongo. Lete kitu ambacho mkono wake haujagusa."

Alikuwa ameniambia kila kitu, ila sikukielewa mpaka niko njiani. Na njiani ndipo mwenyekiti aliponikuta, na gari lake jipya. Akateremsha kioo.

"Mageni, ndugu yangu. Nasikia kesho unataka kuutaja mtambo mbele ya watu."

"Umesikia kwa nani?"

"Kijiji ni kidogo. Sikiliza, tunakuelewa, umefiwa. Lakini mtambo ndio unaleta ushuru hapa. Darasa lile linajengwa na nani? Usikiponze kijiji kwa ajili ya bibi mmoja ambaye hata si wa ukoo wako."

"Ni bibi wa mwanangu."

"Basi mpeleke kwao Mhunze leo leo. Nitakupa gari. Watu watasahau."

Nikamwangalia. Siku ile ya mke wangu gari lilikosekana. Leo la kumtorosha mama yake lipo. Na angekimbia, wangesema unaona, kakimbia, na Mhunze wana simu kama sisi, habari ingefika kabla yake.

"Asante, mheshimiwa," nikasema. "Atahudhuria mkutano."

Kioo kikapanda.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ghala la pamba. Sungusungu walikaa upande mmoja na pinde zao na mishale. Mwenyekiti na wajumbe wake walikaa kwenye viti vya plastiki kivulini. Mama mkwe alikaa chini, peke yake, katikati ya uwanja, miguu ameinyosha, mikono ameizungushia kitenge. Jua lilikuwa likimpiga utosini. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kumsogezea hata khanga.

Paskalina alisema yake, akamwinua Adam juu watu wamwone tumbo, limechubuka lote. Wanawake wakaguna. Wakasimama wengine, mmoja baada ya mwingine, wote neno moja: alisiliba, tukawashwa. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Tunapoteza muda!" Wenzake wakaitikia. Nilimtazama Donatus. Uso wake hausomeki.

"Mwenye la kumtetea?"

Nikasimama.

"Mimi sina maneno mengi," nikasema. "Naomba kamanda atume vijana wake, si wangu. Waende chini ya mtambo, nje ya seng'enge, wachote tope kwa koleo walete kwa ndoo. Mama huyu asiliguse. Mimi nisiliguse. Halafu tuone."

Mwenyekiti akainuka nusu. "Kamanda, huu ni mkutano wa uchawi au wa udongo?"

"Ni mkutano wangu," Donatus akasema, akawaonyesha vijana wawili njia kwa upinde.

Kusubiri kulikuwa kubaya. Watu walijikuna. Uwanja mzima ilisikika sauti hiyo tu, kucha kwenye ngozi. Yule kijana wa nyuma alikuwa amesogea mbele, nikaona amevaa koti refu katika joto lile, na mkono mmoja hautoki ndani ya koti. Nikajisogeza nikasimama kati yake na mama mkwe. Kijana akanitazama. Alijua nimeona.

Ndoo ikaja. Tope la kijivu, laini kama uji wa ulezi. Nikakunja shati nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Mwanzo ni baridi tu. Wakacheka wengine. Nikakaa hivyo hivyo nimechuchumaa. Kisha kikaanza kitu kama sisimizi, kutoka kwenye kifundo kikipanda. Sisimizi wakawa siafu. Jasho likanitoka puani. Nilipoutoa na kuufuta kwa majani, mkono ulikuwa mwekundu mpaka pale tope lilipokomea, kama nimevaa soksi.

Waliocheka wakasogea kutazama. Lakini Paskalina akasema, "Huyo anakaa naye ua mmoja. Ngozi yake imeshalogwa. Aweke mtu mwingine!"

"Kweli," wakasema.

"Kweli," nikasema na mimi. "Aweke mtu mzima, asiyewashwa. Hapa yuko mmoja ambaye nyumba yake haijaguswa. Mwenyekiti ana kinga. Aje aweke mkono."

Kicheko kikapita, cha kweli safari hii. Mwenyekiti naye akacheka, akainua mkono wake wenye saa.

"Nimevaa nguo za mkutano, Mageni."

"Kunja mkono wa shati, mheshimiwa," Donatus akasema. Hakucheka.

"Kamanda, tusifanye utoto."

"Ni tope tu. Wewe ulisema tuoge. Utaoga."

Vijana wawili wakainua ndoo wakampelekea kitini. Waliipeleka kwa heshima, wameinama, kama wanavyomnawisha mgeni. Ilipofika karibu na magoti yake aliruka. Kiti kikaanguka nyuma.

"Ondoeni hiyo! Hiyo ina dawa!"

Neno likatoka, likasimama pale. Akatafuta pa kulirudisha, hakuna. Wajumbe wake walikuwa wanaangalia viatu vyao.

"Ina dawa," Donatus akarudia polepole. "Na ulijua."

"Nilisema... wataalamu walisema watu wasisogee. Taarifa iko ofisini."

"Ofisini kwa nani?" akauliza mwanamke mmoja.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia yule mwenye koti, bado hajatoa mkono. Uchawi ukishatajwa haufutwi na neno la mwenyekiti. Nikaona limebaki jambo moja, nalo ni la aibu. Nikamwendea mama mkwe, nikapiga magoti mbele yake, nikamtazama usoni. Watu wakaguna kama wameona mtu yuko uchi. Nikamshika mikono.

"Mkwe, usifanye," akasema kwa sauti ndogo.

"Nisamehe, mayu. Nisamehe, mama."

Nikafungua kitenge. Sijui niseme nini juu ya mikono ile. Ngozi ilikuwa imetoka kwenye viganja kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kati ya vidole palikuwa pabichi. Kwa mikono hiyo alikuwa akimpikia mwanangu, anafua, anavuta maji, na hakusema.

"Mchawi gani anaanza na yeye mwenyewe?" nikauliza. "Amewapakia ninyi kuta, akaishia hivi. Nani hapa alimuuliza?"

Paskalina alisogea. Adam alikuwa amelala begani kwake. Aliangalia mikono ile muda mrefu, halafu akaliangalia tumbo la mwanawe, ngozi na ngozi. Akaketi chini pale pale vumbini.

Donatus akalaza upinde wake chini. Akaja mpaka mbele ya mama mkwe, mtu yule mrefu, akainama.

"Shikamoo, mayu."

Uwanja wote ukasikia. Atakayesalimia aliyetengwa anapigwa faini, na kamanda ndiye anayepiga. Maana yake hapakuwa na aliyetengwa.

Mama mkwe hakuitikia upesi. Alimwacha ameinama. Alifunga tena kitenge, mkono mmoja, mkono wa pili, akakaza kwa meno.

"Marahaba," akasema. "Na huyo mwenye mtoto, yeye hana mdomo?"

"Shikamoo, mama," Paskalina akasema akilia.

"Marahaba. Kesho uje na jembe. Sitakukwangulia peke yangu."

Nilipogeuka, mwenye koti hakuwapo.

Tulikwangua kuta zote, tukalifukia lile tope mbali. Kuwashwa kumepungua, kwa wengine kumeisha. Nyumba zetu sasa ziko kama kuku walionyonyolewa, kwa sababu seng'enge bado iko, na udongo mweupe uko ndani yake. Mwenyekiti ni mwenyekiti. Alisema ataunda kamati. Wilayani hawajaja. Kibao wameweka, hilo nisiwadhulumu. Wameandika HATARI kwa rangi nyekundu, upande wa ndani wa seng'enge, unaotazama mtambo.

Mariana humpaka bibi yake samli kila jioni. Mikono inarudi taratibu. Mkono wangu una alama kwenye kiwiko, mstari kabisa.

Sisi wawili tumerudia adabu. Mimi mgongo, yeye mlangoni, mtoto katikati. Juzi nikasikia sauti ndani:

"Mwambie baba yako sijasahau. Alinishika mikono mbele ya kijiji kizima. Kwa desturi yetu hiyo ni faini ya mbuzi."

Mariana akanigeukia, amekaza midomo asicheke.

"Mwambie bibi yako ni kweli," nikasema. "Amdai mwenyekiti."